Asali Ikiganda, Nta Ikiyeyuka: Jua Mpaka wa Moto Usipoteze Hela



Msimu wa kurina ukipita, maswali yanayoniijia huwa ni yale yale. Mmoja anasema mteja kamrudishia ndoo ya asali kwa sababu imeganda, eti katia sukari. Mwingine kachemsha masega moja kwa moja kwenye moto, nta ikatoka nyeusi na mnunuzi kaikataa. Matatizo mawili, ila mzizi ni mmoja: hatujui moto unafanya nini kwenye mali yetu.

Kubadilika umbo si kuharibika

Chukua mafuta ya nazi. Dar es Salaam yanamiminika kama maji. Yapeleke Njombe msimu wa baridi, yanaganda yawe meupe kama samli, kwa sababu yakishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi huanza kuwa magumu. Ukiyaweka juani yanarudi vile vile. Hakuna kilichoongezwa wala kilichopungua. Haya ndiyo tuliyofundishwa shuleni kuwa mabadiliko ya kiumbo: kitu kinabadili hali, lakini kinabaki kile kile.

Mabadiliko ya kikemikali ni habari nyingine. Hapo kinatokea kitu kipya na mara nyingi hakirudi nyuma kirahisi. Mshumaa unakuonyesha yote mawili: nta inayochuruzika pembeni na kuganda tena imebadilika umbo tu, ila ile inayoungua kwenye utambi imekwenda moja kwa moja.

Asali iliyoganda: usiitupe, usiichemshe

Asali ni sukari nyingi ndani ya maji kidogo. Aina moja ya sukari hiyo, glukosi, hujitenga polepole na kuwa chembechembe. Asali ya maua ya alizeti huganda haraka. Nyingine hukaa miezi mingi bado laini. Baridi ya nyuzijoto 14 hivi ndiyo inayoigandisha upesi zaidi.

Kwa hiyo mteja mwambie ukweli: kuganda si dalili ya kuchakachuliwa. Lakini pia usimwambie kwamba kuganda ni uthibitisho wa usafi, maana hata asali iliyochanganywa inaweza kuganda.

Kuirudisha, weka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu, yasizidi nyuzijoto 40, halafu koroga mara moja moja. Itachukua saa kadhaa, vumilia. Ukiiweka jikoni ikachemka, umevuka mpaka: vimeng'enya vinakufa, rangi inakoza, na kemikali iitwayo HMF inaongezeka. Wanunuzi wakubwa wanaipima hiyo. Kwa asali ya nchi za joto, kikomo cha kimataifa ni miligramu 80 kwa kilo. Hapo hata ukiipoza wiki nzima, hairudi ilivyokuwa.

Angalizo: chembe zikishuka chini, asali laini inayobaki juu huwa na maji mengi zaidi. Kama uliirina kabla masega hayajafunikwa vizuri, hiyo ya juu inaweza kuchachuka. Asali ikitoa povu na harufu ya pombe, hilo si tatizo la kuganda tena.

Nta: hela inayotupwa na masega

Vijana wengi wakishakamua asali, masega wanatupa. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 65, wakati maji huchemka kwenye 100. Nta pia ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo inaelea na uchafu mzito unazama. Tumia hayo mawili:

1. Loweka na osha masega kwa maji safi, asali iliyobaki itoke.
2. Yaweke kwenye sufuria ya alumini au chuma kisichoshika kutu, pamoja na maji. Maji ya mvua ni mazuri zaidi. Chombo chenye kutu huchafua rangi ya nta.
3. Pasha kwa moto mdogo hadi nta iyeyuke. Maji yasitokote, nta ikizidi nyuzijoto 85 rangi yake huanza kuharibika.
4. Chuja kwa kitambaa kwenye ndoo yenye mdomo mpana, kamua makapi.
5. Funika, acha ipoe polepole usiku kucha. Nta husinyaa ikiganda, ukiiharakisha inapasuka.
6. Asubuhi toa bonge, kwangua uchafu ulioshika upande wa chini. Kama bado ni chafu, rudia. Kuyeyusha tena kwa moto mdogo hakuiharibu.

Usiyeyushe nta kavu moja kwa moja juu ya moto, na usiiache peke yake jikoni. Ikishika moto, usimwagie maji, italipuka na kukurukia. Funika kwa mfuniko au mchanga, kisha zima jiko.

Bonge safi utaliuza kwa watengeneza mishumaa, sabuni na mafuta ya midomo. Bakiza kidogo upake kwenye mizinga mipya, harufu yake huvuta makundi ya nyuki.

Kabla ya msimu ujao, nunua kipimajoto. Bei yake ni ndogo kuliko ndoo moja ya asali iliyoungua.