Kijirejeshi -ji- cha Kiswahili na Vijirejeshi vya Kiingereza: Ufafanuzi Linganishi kwa Kuzingatia Mwanafunzi wa Pongwe, Tanga

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna Kiswahili na Kiingereza vinavyoonesha kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja. Mwanafunzi anayezingatiwa ni wa Pongwe, kata ya Jiji la Tanga iliyopo kandokando ya barabara iendayo Muheza. Kama wenzake wa shule za serikali kwingineko Tanzania Bara, husoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia aingiapo kidato cha kwanza. Hoja kuu ni kwamba mwanafunzi huyu anaijua vema dhana ya kujirejea. Makosa yake mengi hutokea kwa sababu ameizoea ikiwa ndani ya kitenzi, ilhali Kiingereza huiweka nje.

Istilahi inahitaji tahadhari. Katika sarufi ya Kiswahili, neno “kirejeshi” limezoeleka kwa amba- na -o- ya urejeshi, kama katika “mtu aliyekuja”. Ili kuepuka utata, hapa linatumika neno “kijirejeshi”. Mifano yote imetungwa kwa ajili ya ufafanuzi, na nyota huonesha tungo isiyokubalika.

2.0 Umbo na Upatanisho

(1) Mkata mkonge alijikata.
“The sisal cutter cut himself.”

Kitenzi cha Kiswahili kimeundwa na a-li-ji-kat-a. Kiambishi -ji- hukaa katika nafasi ya kiambishi cha yambwa. Ndiyo maana viwili hivyo haviandamani (*alimjikata). Aidha, -ji- haibadiliki kwa nafsi, idadi wala ngeli: nilijikata, mlijikata, walijikata. Mwanafunzi anayezungumza pia Kidigo, mojawapo ya lugha za pwani hii, huikuta tabia hiyo hiyo katika -dzi-.

Kiingereza hutumia neno kamili baada ya kitenzi, nalo lina maumbo manane ya kawaida: “myself, yourself, himself, herself, itself, ourselves, yourselves, themselves”. Umbo huchaguliwa kwa nafsi, idadi na, katika nafsi ya tatu umoja, jinsia. Sentensi ya (1) kwa Kiswahili haisemi kama mkata mkonge ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza humlazimisha mwandishi kuchagua. Isitoshe, mfumo wenyewe haulingani: “myself” na “ourselves” vimejengwa juu ya vimilikishi, ilhali “himself” na “themselves” vimejengwa juu ya maumbo ya yambwa. Mwanafunzi anayeandika *“hisself” amefuata mantiki ya mfumo. Mfumo ndio uliomwacha njiani.

(2) Walijikata. “They cut themselves.”
(3) Walikatana. “They cut each other.”

Tofauti hii ina uzito. Katika taarifa ya tukio shambani, (2) ni ajali ya kila mmoja kwa kisu chake, na (3) huenda ni ugomvi. Kiswahili huzitenga maana hizo kwa viambishi viwili, -ji- na -an-. Mwalimu anayeanzia hapo humpa mwanafunzi kipimo anachokimiliki tayari.

3.0 Vitenzi Visivyolingana

Ugumu mkubwa zaidi umo katika msamiati. Vitenzi vingi vyenye -ji- hulingana na vitenzi vya Kiingereza visivyo na kijirejeshi: kujifunza “learn”, kujiunga “join”, kujiuzulu “resign”, kujikwaa “stumble”. Hapa mwanafunzi huongeza kisichotakiwa: *“I joined myself to the club.”

Kinyume chake, “alifurahi” haina -ji-, lakini “enjoy” hudai yambwa. Hivyo mwanafunzi huandika *“We enjoyed very much” badala ya “We enjoyed ourselves”. Vivyo hivyo kwa “pride oneself” na “absent oneself”, ambavyo haviwezi kuacha kijirejeshi.

Hata palipo na ulinganifu wa maumbo, maana huweza kupotoka. “Help yourself”, anayoambiwa mgeni mezani, haitafsiriki kuwa “jisaidie”, kwa kuwa kujisaidia ni tasfida ya kwenda haja. Mwenyeji wa Tanga husema “karibu chakula”.

Pia si kila ji- ni kijirejeshi. Jitahidi na jibu ni mashina yenye asili ya Kiarabu. Hakuna *tahidi wala *bu vinavyobaki ji- ikiondolewa.

4.0 Msisitizo na Mipaka ya Urejeo

Kiingereza hutumia umbo moja kwa kazi mbili: “The chairman hurt himself” na “The chairman himself came”. Kiswahili hugawa kazi: “alijiumiza” kwa ya kwanza, “mwenyekiti mwenyewe alikuja” kwa ya pili. Mwenyewe hupatana na ngeli (chenyewe, lenyewe), ilhali -ji- haipatani.

Kwa upande wa mipaka, lugha hizi hukaribiana. Katika “Juma alisema kuwa Ali alijiumiza”, aliyeumia ni Ali, kama ilivyo kwa “himself” katika tafsiri yake. Hili linawiana na kanuni ya Chomsky (1981) kwamba kijirejeshi hufungwa ndani ya eneo lake la karibu. Hata hivyo, kijirejeshi cha Kiingereza huweza kurejelea yambwa: “I told Asha about herself.” Kiambishi -ji- hurejelea kiima tu; hivyo Kiswahili husema “Nilimweleza Asha habari zake mwenyewe”.

5.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unaonesha kwamba makosa ya vijirejeshi ni ya aina tatu: ya upatanisho (*“hisself”, jinsia isiyo sahihi), ya kuongeza, na ya kuacha. La kwanza hudai mazoezi ya maumbo. Mengine mawili hudai kufundishwa kitenzi kimoja kimoja pamoja na yambwa yake. Mtahini anayeyahesabu yote kuwa kosa moja la “sarufi” hupoteza taarifa ambayo mwalimu wa kidato cha kwanza anaihitaji zaidi: ni wapi Kiswahili kinamsaidia mwanafunzi, na ni wapi kinampotosha.