Kwa nini mboni hupanuka ukitafuna muguka

JE, umewahi kumtazama mtafunaji wa muguka machoni? Mboni zake, yaani ule weusi wa katikati ya jicho, mara nyingi huwa zimepanuka hata akiwa mahali penye mwangaza. Majani hayo hukuzwa kwa wingi Kiritiri na sehemu nyingine za Mbeere, huko Embu, kisha husafirishwa hadi Nairobi na Mombasa. Yanafanya nini machoni?

Sehemu yenye rangi inayozunguka mboni ina misuli ya aina mbili. Mmoja ni wa mviringo, nao hubana mboni kama kamba inayofunga mdomo wa mfuko. Mingine imejipanga kama spoki za baiskeli, nayo huvuta mboni ikapanuka. Kwenye mwanga mkali mboni huwa na upana wa milimita 2 hivi. Gizani huweza kufika 8.

Misuli hii haijiamulii. Hungoja amri za mishipa ya fahamu, zinazoletwa na kemikali zifanyazo kazi ya tarishi. Asetilikolini huamuru msuli wa mviringo ukaze. Noradrenalini huamuru zile spoki zivute, na pia husaidia ule wa mviringo kulegea.

Muguka, ambao ni aina ya miraa, una kathinoni, kemikali inayosababisha mishipa kumwaga noradrenalini kwa wingi. Ndiyo maana mboni hufunguka, moyo hudunda mbio na usingizi hupotea.

Daktari wa macho hutumia njia tofauti. Dawa ya matone kama tropikamidi humfungia mlango tarishi asetilikolini. Msuli wa mviringo ukikosa amri hulegea, naye daktari huona ndani ya jicho. Nguvu ya dawa hiyo huisha baada ya saa kadhaa.

Tahadhari ni muhimu. Mboni pana huingiza mwanga mwingi, hivyo dereva huweza kuzidiwa na taa za magari usiku. Tena, kuna watu ambao njia ya kutolea maji ya jicho ni nyembamba. Mboni ikipanuka, njia huweza kuzibika na presha ya jicho ikapanda ghafla. Ukiona jicho jekundu lenye maumivu makali, duara za rangi kuzunguka taa, au ukitapika, kimbia hospitali siku hiyo hiyo. Ukichelewa unaweza kupofuka.

Unapokwenda kupimwa macho, mweleze daktari ikiwa unatafuna muguka. Usione haya. Na ukitiwa dawa ya matone, usiendeshe gari mpaka uone vizuri tena.