Uma wa Baiskeli na Jina la Chuma

Mtu aliyeamua kuundiwa baiskeli na fundi, badala ya kununua iliyokwisha fungwa dukani, aghalabu huwaza kwanza rangi, kiti na usukani. Uma wa mbele, yaani ile miguu miwili inayolishika gurudumu, humwachia fundi aamue. Hapo ndipo hatari ilipo. Fremu ikipata ufa, mara nyingi mpandaji huwahi kushuka. Uma ukikatika, hushuka kwa uso.

Kwa mkaazi wa Kuze jambo hili lina uzito wa pekee. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, na baiskeli hupenya pale gari lisipoweza. Lakini bahari nayo i karibu. Iwe kaskazi au kusi, upepo huja na chumvi. Chuma hapa hakichoki tu, bali huliwa, na kutu ya kuogopwa zaidi ni ile inayokula bomba kwa ndani, chini ya rangi inayong'aa.

Je, tuchague kitu gani? Alumini ina uzito wa thuluthi moja tu ya chuma, lakini ukakamavu wake nao ni thuluthi moja; ndiyo maana miguu yake hufanywa minene. Tena chuma kisichotwikwa kupita kadiri yake huvumilia mitikisiko isiyo na idadi, ilhali alumini huhesabu kila shimo la barabara, na siku ya hesabu hufika. Kaboni ni nyepesi mno, ila ikigongwa yaweza kuficha jeraha lake na kuvunjika ghafla. Titani haijui kutu, lakini bei yake si ya kila mfuko, na kuiunga kwataka vifaa ambavyo fundi wa mtaani hana.

Hata mbao zina mahali pake. Kule Goma, chukudu hubeba mamia ya kilo juu ya uma wa mti, na mwaka 2009 mji ule ulikijengea chombo hicho sanamu. Lakini uma wake ni gogo nene. Kila kitu huchaguliwa kwa kazi yake.

Kwa Kuze, basi, rai yangu ni chuma. Lakini chuma gani? Hapa lugha yaingia karakanani. Wazee wetu walitofautisha: pua lilikuwa chuma kilichogeuzwa kuwa kigumu, na feleji chuma bora cha panga. Leo feleji imesahauliwa, na "chuma cha pua" kwa wengi ni kile cha sufuria kisichoshika kutu. Yaliyobaki yote huitwa chuma tu, likiwemo bomba la maji. Kule Uingereza, tangu 1935, kampuni ya Reynolds iliuza mabomba ya aloi ya manganizi na molibdeni kwa jina la 531, na kibandiko chake kikamjulisha mnunuzi anachokalia. Asiye na jina la kitu hawezi kukidai.

Kwa hiyo, msomaji, muulize fundi maswali matatu. Je, bomba hili ni la aloi ya kromi na molibdeni, au ni chuma laini? Litaungwa kwa moto wa umeme, unaoweza kulidhoofisha bomba jembamba, au litalehemiwa kwa shaba kwa joto la chini zaidi? Na ndani patapakwa mafuta, na kuachwa tundu la kutokea maji? Kisha wewe mwenyewe ukague mara kwa mara pale miguu inapokutana juu. Ukiona rangi imepasuka kwa mstari, usipande.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Fundi mwema hataudhika kwa maswali haya. Atakayeudhika, mwachie uma wake.