Kasri la Mtoni: Lugha Iliyonyamazishwa na Wimbo Uliorudi

1. Jumba na wakazi wake

Kilomita chache kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja, ukingoni mwa bahari, yamesimama magofu ya Kasri la Mtoni. Jumba hili lilijengwa kwa amri ya Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Omani na sehemu kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1806 hadi kufa kwake mwaka 1856. Ndilo kongwe kati ya makasri ya masultani kisiwani. Jina lake la zamani, Bet il-Mtoni, ni muungano wa lugha mbili: bet ni nyumba kwa Kiarabu, na mtoni ni neno la Kibantu lenye kiambishi cha mahali -ni. Mto mdogo ulipita hapo ukielekea baharini.

Habari nyingi za maisha ya ndani zimetufikia kwa kalamu ya Salme binti Said, aliyezaliwa katika kasri hilo mwaka 1844, akahamia Ujerumani, na kutoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Anaeleza ua mpana wenye tausi na paa, mabirika ya kuogea, na roshani kubwa ya mbao iliyoelekea bahari, ambamo baba yake alizoea kutembea huku na huko akiwaza. Wakazi, kwa makadirio yake, walifika elfu moja, na wengi wao walikuwa watumwa.

Kwa mwanafunzi wa lugha, habari iliyo muhimu zaidi ni hii: mbele ya Sultani, Kiarabu peke yake ndicho kilichoruhusiwa. Alipogeuza mgongo tu, zilisikika lugha nyingi, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi, na Kiswahili miongoni mwazo. Basi Kiswahili kilikuwamo kasrini, lakini kilikuwa lugha ya uani, si ya barazani.

2. Muziki wa kasri

Taarab nayo ilianza kama starehe ya watawala. Neno lenyewe latokana na Kiarabu tarab, yaani kuguswa moyo kwa furaha au kwa huzuni. Mapokeo ya Unguja yasema kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim nchini Misri kujifunza kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Katika hatua hizo za mwanzo nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu.

Aliyegeuza mkondo huo ni Siti binti Saad, mwanamke wa ukoo maskini kutoka Fumba. Aliimba kwa Kiswahili, juu ya mambo ya mitaani, na mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa mjini Bombay katika sahani za santuri. Watu wa mitaa ya Ng'ambo waliusikia muziki wa kasri katika lugha yao wenyewe.

Kwa sababu hiyo, taarab ilipopigwa katika magofu ya Mtoni mnamo miaka ya 2000, sambamba na juhudi za kuyahifadhi, lilitokea jambo ambalo mgeni asiyejua historia angeweza kulipita bila kulitambua. Lugha iliyonyamazishwa mbele ya mwenye nyumba ndiyo sasa iliyoimbwa uani mwake.

3. Mgeni atokaye bara

Msomaji wa Kakanda au Likasi asidhani kwamba habari hizi ni za pwani tu. Utajiri wa makasri ya Unguja ulitokana na mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa, na na misafara iliyoleta pembe za ndovu na binadamu kutoka bara, Kongo ya mashariki ikiwamo. Njia hizo hizo zilileta Kiswahili Katanga, nacho kikaja kuenea zaidi katika kambi za migodi. Hata ikulu, neno ambalo Tanzania hulitumia kwa makao ya rais, halitoki pwani bali katika lugha za Wasukuma na Wanyamwezi, upande ule ule walikotoka Wayeke wa Msiri waliokaa Bunkeya.

Kuta hazina uhai wa kudumu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafa. Anayezuru kasri hana budi, basi, kutazama kuta na pia kusikiliza maneno ya wimbo. Kuta zamwonyesha aliyetawala. Wimbo wamwonyesha ni nani waliorithi. Miongoni mwa warithi hao wamo pia wajukuu wa wale waliobeba pembe.