Mtaji usio mkopo: Moritz na kampuni za intaneti

MFANYABIASHARA mdogo akitafuta mtaji hufikiria kwanza benki au SACCOS. Huko ataulizwa dhamana, na marejesho huanza mapema, biashara iwe imeshika au haijashika. Ipo fedha nyingine isiyodai riba wala dhamana, ila masharti yake ni vema kuyajua kabla ya kuipokea. Kazi ya Michael Moritz huko Marekani inayaonyesha vizuri.

Moritz alizaliwa Wales mwaka 1954, akasoma historia Oxford, akawa mwandishi wa jarida la Time. Mwaka 1986 alijiunga na Sequoia Capital ya California, kampuni inayokusanya fedha za vyuo vikuu na wawekezaji wengine na kununua hisa katika kampuni changa. Aliondoka mwaka 2023.

Mwaka 1995 aliwafuata wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo, waliokuwa wakipanga orodha ya tovuti waliyoiita Yahoo. Huduma ilikuwa ya bure. Sequoia ilitoa takriban dola milioni 1, ikapata robo ya kampuni. Aprili 1996 Yahoo iliingia soko la hisa, na jioni ya siku ya kwanza thamani yake ilikuwa dola milioni 848. Anayelima shamba la mwenzake kwa kugawana mavuno anaujua mpango huu: mvua ikikosekana hadaiwi, msimu ukiwa mzuri mgawo wa mwenye shamba hupita kodi yoyote.

Na mvua hukosekana kweli. Sequoia iliweka fedha pia Webvan, duka la vyakula la intaneti lililoahidi kumfikishia mteja mahitaji yake katika nusu saa aliyoichagua mwenyewe. Mwaka 1999, wakati ghala la kwanza la Oakland ndiyo kwanza limeanza kazi, liliingia mkataba wa maghala mengine wa dola bilioni 1. Muuza mboga yeyote angewaambia kuwa faida ya nyanya ni ndogo, na gari linalotembea nusu tupu huimaliza yote. Julai 2001 Webvan ilifungwa. Wafanyakazi wapatao 2,000 walibaki bila kazi, na wenye hisa hawakuwa na wa kumdai.

Hasara hiyo ilifunikwa na Google. Mwaka 1999 Sequoia iliweka humo dola milioni 12.5, na kampuni ya Kleiner Perkins kiasi hicho hicho. Lakini wawekezaji waliwabana waanzilishi, Larry Page na Sergey Brin, waajiri mkuu mwenye uzoefu, na mwaka 2001 akaja Eric Schmidt. Hisa zilianza kuuzwa kwa umma Agosti 2004, kila moja dola 85.

Kwa kuwa kampuni moja hulipia nyingi zilizokufa, mwekezaji wa aina hii hana haja na mashine ya kusaga inayokua taratibu, hata kama inalisha familia na kusomesha watoto. Mfuko wake kwa kawaida una muda wa miaka 10 hivi. Ukiisha lazima hisa ziuzwe, sokoni au kwa kampuni kubwa. Mwenye mashine aliyetoa robo ya biashara yake aulize mapema siku hiyo mnunuzi atakuwa nani.