Kutoka mjini mpaka kwenye kiwanja chenye nyasi: namna tunavyozoea maisha ya hapa

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumeona vema tuongee juu ya jambo linalogusa karibu kila nyumba hapa Nakivale: kuhama kutoka mjini na kuja kukaa mahali pasipo na taa wala lami, na jirani hujui hata namna ya kumsalimu.

Wengi waliofika tangu Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, na Februari ilipofika Bukavu, ni watu wa mji. Walikuwa na butike, walikuwa washonaji, makarani, madereva wa teksi. Mtu kama huyo ukimpa jembe, analitazama tu. Hiyo si aibu. Sisi wenyewe hatukuzaliwa tukijua. Mmoja wetu aliletwa hapa akiwa na miaka tisa. Anakumbuka mama yake akitokwa machozi mbele ya mafiga, akisema ni moshi wa kuni. Alipokua ndipo akaelewa kwamba haukuwa moshi tu.

Tutawasimulia habari ya jirani zetu. Wametupa ruhusa, ila majina hatutaji.

Siku za kwanza

Walifika Machi 2025, watu sita: papa, mama na watoto wanne. Walivuka mpaka Bunagana, wakalala kituo cha Nyakabande kule Kisoro, halafu basi likawaleta mpaka hapa. Wakaandikishwa, wakasubiri, mwishoni wakaonyeshwa kiwanja. Kilikuwa nyasi tupu na kichuguu cha mchwa katikati. Papa alisimama pale, akauliza, “Nyumba iko wapi?” Yule kijana aliyewaleta akacheka, akasema, “Papa, nyumba ni wewe utaijenga.”

Usiku ule mvua ilinyesha. Walikuwa wamefunga shitingi juu ya miti minne, maji yakaingia kwa chini, magodoro yakalowa. Asubuhi majirani walikuja na majembe bila kuitwa, wakachimba mfereji kuzunguka kibanda. Kwa hiyo neno letu la kwanza kwa wageni ni hili: mfereji uje kabla ya ukuta. Chimbeni upande wa juu wa kiwanja, maji yapite pembeni. Choo kiwe mbali na jiko, na upande wa chini. Majivu ya jikoni msitupe, mwageni chooni kila siku, nzi watapungua.

Neno la pili ni juu ya kiwanja chenyewe. Udongo huu tumepewa kuutumia, si mali yetu ya kuuza. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, na kanuni zake za mwaka 2010, haziruhusu kuuza wala kukodisha kiwanja ulichogawiwa. Tumeona mgeni akitoa dola zake za mwisho kwa mtu aliyemwambia “nakuuzia fasi nzuri karibu na barabara.” Baada ya miezi miwili akaondolewa, na yule muuzaji haonekani. Ukiambiwa hivyo, nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji na ofisi ya serikali, uulize.

Maji na moto

Kule Goma mama alikuwa anapikia makala, na maji aliletewa mpaka mlangoni. Hapa alienda bombani na jerikani moja, akakuta msururu. Viwango vya UNHCR vinasema mtu mmoja apate walau lita 20 kwa siku. Kwa watu sita hizo ni lita 120, yaani jerikani sita. Mara nyingi hazifiki. Basi mama akapanga: maji ya kuoshea vyombo hayamwagwi ovyo, yanaenda kwenye mboga. Maji ya kunywa yanachemshwa au yanatiwa dawa, na yanawekwa kwenye chombo chenye mfuniko. Maji ya ziwa yanaonekana safi kwa macho, lakini tumbo la mtoto ndilo linalojua ukweli.

Kuni ni shida kubwa zaidi. Maharage ndiyo yanamaliza kuni. Jirani mmoja, bibi wa Kirundi, alimfundisha mama: loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya, funika sufuria vizuri. Pia walijenga jiko la udongo pembeni ya kibanda, lenye mlango mdogo wa kuni, moto usipeperushwe na upepo. Leo mama anasema mzigo uliokuwa unaisha siku mbili unafika siku tatu.

Papa anaenda Kampala

Sasa tuseme jambo gumu. Papa alikuwa na butike Birere. Hapa alikaa chini ya mti na redio, kila siku anasubiri habari kwamba njia imefunguliwa. Jembe hakuligusa. Alikuwa anatuambia, “Walimu, miye mutu ya biashara, leo ninyi munataka nilime?” Mama hakumjibu. Alichukua mbegu za maharage kwa bibi yule, akapanda mwenyewe mwishoni mwa Machi, mvua ikiwa bado nzuri.

Mei 2025 Shirika la Chakula Duniani, WFP, lilikosa fedha na kukata chakula cha wakimbizi karibu milioni moja nchini Uganda. Hapa kijijini watu walihesabu sahani. Papa akakasirika, akauza mablanketi mawili na godoro moja apate nauli, akaondoka kwenda Kampala. Hakuaga vizuri. Mtoto mdogo alikaa njiani mpaka jioni.

Kumbukeni kwamba kutembea si kosa. Sheria ya Uganda inamruhusu mkimbizi kutembea nchini na kufanya kazi. Lakini aliyehamia Kampala anategemewa ajitegemee: chakula cha msaada ni cha huku kwenye makambi ya makazi, na kule nyumba unalipia kila mwezi. Papa alifikia kwa ndugu huko Katwe, chumba kimoja, watu wanane. Alibeba mizigo sokoni. Baada ya majuma matano akarudi, amekonda, viatu vimepasuka.

Alikuta maharage yanakaribia kuvunwa na lengalenga imeshachumwa mara mbili. Mama alimpa sahani, hakusema neno. Papa alikula, akanyamaza. Kesho yake alfajiri tulimwona anapalilia. Hakuna aliyemcheka, na tunawashukuru majirani kwa hilo. Siku hizi ana meza ndogo karibu na barabara, anauza sabuni na chumvi, na anachaji simu kwa sola. Biashara aliipata, ila ilianzia kwenye maharage.

Kwa wale wanaoanza, tunawapa hesabu ya shamba dogo. Lengalenga, ambayo hapa wanaiita dodo, inaliwa baada ya mwezi hivi. Maharage, karibu miezi mitatu. Viazi vitamu, minne au mitano. Muhogo ni wa kusubiri, miezi tisa mpaka mwaka na zaidi, lakini sombe yake unachuma mapema. Panda vyote kidogo kidogo, usiweke tumaini kwenye kimoja. Mvua zinakuja mara mbili, Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba hivi. Eneo letu la Isingiro ukame unalijua, basi ukichelewa juma mbili unaweza kukosa msimu.

Binti na darasa la watoto

Sehemu hii inatuhusu sisi walimu, na tunaisema kwa kujilaumu kidogo. Binti mkubwa wa nyumba ile alikuwa na miaka 15, yuko sekondari kule Goma, masomo kwa Kifaransa. Alipokuja shule, akawekwa darasa la tano la msingi, kwa sababu Kiingereza hakujua. Alikaa na watoto wa miaka kumi na mmoja, magoti hayaingii chini ya dawati. Siku ya nne hakuja. Akakaa nyumbani majuma matatu, na hakuna mwalimu aliyeenda kuuliza. Sisi pia hatukuenda. Tulidhani ameolewa.

Mama ndiye aliyekuja kwetu jioni moja, akasema, “Batoto bangu bamepoteza nyumba, bamepoteza mji. Na akili pia muwanyanganye?” Tulikosa jibu.

Tangu siku ile tulianza Kiingereza cha jioni, saa kumi na moja, chini ya mti, kwa wakubwa waliosoma Kifaransa. Tuligundua kwamba yule binti hesabu anajua kuliko wengi wetu. Tukamwomba awafundishe wadogo hesabu, sisi tumfundishe maneno. Muhula wa tatu akapandishwa la sita. Mwaka ulipogeuka, mwezi wa pili, akaingia la saba, na anajiandaa kwa mtihani wa PLE.

Wazazi, jueni mambo matatu. Mwaka wa shule hapa unaanza Februari, si Septemba kama kwetu. Ukifika katikati, usisubiri, mlete mtoto. Msingi hapa ni miaka saba. Na kama mna karatasi za shule za Congo, hata bulletin iliyochanika, zitunzeni mahali pakavu, zinasaidia mtoto kupangwa vizuri. Mtoto akirudishwa nyuma, mwambieni ni lugha iliyomrudisha, si akili yake.

Neno la mwisho

Watu wa Goma wanajua kuanza upya. Mwaka 2002 moto wa Nyiragongo ulifunika sehemu ya mji, na watu wakajenga tena juu ya jiwe lile lile jeusi. Mwaka 2021 mlima uliwaka tena, na watu wakarudi. Hapa angalau udongo unakubali jembe.

Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwaka 1958. Kila mzee unayemwona na migomba mizuri alifika siku moja hajui bomba liko wapi. Basi ukiona jirani mpya amefunga shitingi leo, usingoje akuite. Nenda na jembe, mchimbe mfereji kabla ya usiku. Na kama ana kijana anayekaa tu nyumbani, mlete kwetu chini ya mti, saa kumi na moja jioni. Hatulipishi.