Katekista wa Mtaani: Nani Humfundisha Anayefundisha? (Sehemu ya Pili)

Mapadri Weupe waliofika Buganda mwaka 1879 hawakukaa hata miaka minne. Mwishoni mwa 1882, wakihofia usalama wao, walifunga virago wakaenda kusini mwa Ziwa Viktoria. Waliacha waumini wachache waliobatizwa, bila padri wala Misa. Waliporudi mwaka 1885 walikuta umati wa watu wanaojua sala, wanaojua mafundisho, na wanaosubiri maji ya ubatizo tu.

Kazi hiyo ilikuwa imefanywa na walei, na wengi wao walikuwa watumishi wa ikulu. Yosefu Mukasa Balikuddembe alimhudumia Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, katika makao yake ya ndani. Andrea Kaggwa alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, kazi yenye heshima na shughuli nyingi, lakini bado alipata wasaa wa kufundisha dini nyumbani kwake. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo watoto wa nyumba ya Katikiro, waziri mkuu wa Kabaka, na jambo hilo halikumfurahisha Katikiro hata kidogo. Kaggwa aliuawa Munyonyo tarehe 26 Mei 1886, na mwaka 1964 Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake.

Kazi kama ya Kaggwa leo hufanywa na katekista. Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza Kanisa linamtarajia katekista awe mtu wa namna gani. Sehemu hii inauliza anaandaliwaje, na swali hilo haliwezi kujibiwa vizuri bila kutaja mahali anapofanyia kazi. Mahali penyewe hapa ni Komarock, jijini Nairobi.

Mtaa huu wa Eastlands ulijengwa kwa awamu, na hadi leo wakaazi huelekezana nyumbani kwa namba za awamu hizo. Kayole iko mlango wa pili, Dandora iko ng'ambo ya Barabara ya Kangundo. Asubuhi mtaa humwaga watu wake kwenye matatu kuelekea mjini na Eneo la Viwanda. Jioni huwapokea wamechoka, wengi wao giza likiwa limeingia. Mpangaji wa leo huenda mwezi ujao akahamia Utawala au Ruai kwa sababu kodi imepanda. Mzee anasali kwa lugha ya kwao, mwanawe kwa Kiswahili, na mjukuu anataka aelezwe Utatu Mtakatifu kwa Sheng.

Makatekista wa zamani hawakuandaliwa kwa mazingira kama haya. Baada ya enzi za kina Kaggwa, wamishonari walijenga vyuo vya makatekista, vingi vikiwa mashambani. Mwanamume alikwenda kukaa huko kwa muda mrefu, mara nyingi na mkewe na watoto, akajifunza katekisimu ya maswali na majibu, Biblia, na jinsi ya kuongoza ibada ya Jumapili padri asipokuwapo. Kisha alirudi kijijini kwake, penye shamba lake na watu wanaomfahamu tangu utotoni. Mpango huo ulizaa matunda, tena mengi, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwasifu makatekista hao katika hati yake ya umisionari ya mwaka 1965. Lakini karani wa Komarock mwenye likizo ya mwaka isiyotosha hata kwenda kuwaona wazazi hawezi kuambiwa aende chuoni miezi na miezi.

Kwa hiyo mjini mafunzo hayana budi kumfuata katekista Jumamosi na Jumapili alasiri, na mwalimu wake mkubwa ni jumuiya. Uamuzi wa kuitanguliza jumuiya ulikwisha kufanyika zamani. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi na kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa nguzo ya uchungaji wao. Karibu nusu karne baadaye, nyumba kumi au ishirini hukutana sebuleni kwa mmoja wao, viti vya plastiki vikiazimwa kwa jirani. Anayetaka mtoto abatizwe au anayepanga kufunga ndoa huulizwa kwanza, "Wewe ni wa jumuiya gani?"

Katika mikutano hiyo inatumika sana njia ya hatua saba za kushirikishana Injili, iliyokuzwa katika Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, na wamishonari wawili Wajerumani, Fritz Lobinger na Oswald Hirmer, ambao baadaye wote walikuwa maaskofu. Watu humkaribisha Bwana, husoma, hurudia maneno yaliyowagusa, hunyamaza, hushirikishana, hujadili kazi ambayo jumuiya inaitiwa, kisha husali. Hatua ya nne na ya sita ndizo zinazomwonyesha kiongozi aliyeandaliwa. Asiyeandaliwa hawezi kuvumilia kimya. Hukijaza kwa mahubiri. Hatua ya sita huiruka kabisa, kwa sababu hapo ndipo inapotajwa familia ambayo haijalipa kodi, au kijana aliyeacha shule, na mtu akishatajwa lazima jambo lifanyike.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya katekisimu haviligusi ipasavyo. Katekista wa mtaani hukutana na wazazi wanaomleta mtoto kwa Komunyo ya Kwanza ilhali wao wenyewe wanaishi pamoja bila ndoa ya Kanisa, na wamekaa miaka bila kupokea. Ukiwakemea, hutawaona tena, wala mtoto wao. Ukinyamaza, umewanyima njia. Kujua sakramenti ni saba hakusaidii sana hapo. Kinachohitajika ni kujua kusikiliza, kujua jambo gani ni la padri na jambo gani ni lake, na kutunza siri ya mtu. Haya hujifunzwa kwa kuigiza visa darasani na kuandamana na katekista mkongwe nyumba kwa nyumba, na kwa maoni ya mwandishi huyu yanastahili saa nyingi kuliko zinazotumika kukariri.

Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko, kwa barua *Antiquum Ministerium*, aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi inayotolewa kwa ibada maalumu, kwa wanaume na wanawake. Barua hiyo inadai maandalizi ya kibiblia, kiteolojia, kichungaji na kialimu, na inawaachia maaskofu wa kila nchi kupanga muda na masharti. Mabinti na akina mama wanaofundisha watoto kila Jumapili, mara nyingi chini ya hema au nyuma ya kanisa, sasa wana mlango ambao mama zao hawakuwa nao.

Ila masomo yana gharama: nauli, vitabu, chakula cha mchana, na Jumamosi ambayo mtu angefungua kibanda chake. Kanuni ya 231 ya Sheria ya Kanisa ina aya mbili. Ya kwanza inamtaka mlei anayejitoa kwa huduma maalumu ajipatie maandalizi yanayofaa; ya pili inampa haki ya malipo ya heshima yanayotosheleza mahitaji yake na ya familia yake. Aya ya kwanza husikika sana kwenye matangazo ya baada ya Misa. Sehemu ya tatu itaanza na ile ya pili.